Skrubu ya Mwisho

2 Machi

Mwanangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu mama yako. U hali gani huko? Baridi imepungua? Unakula, au unadanganya tumbo kwa chai? Mimi ni mzima, ila masikio yamezidi kugoma. Cherehani imeyatafuna miaka yote hii, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasema "enhe, enhe" tu, halafu nakata bila kujua umesema nini. Barua naisoma hata mara kumi.

Lile boksi nimelichukua. Ndiyo, lile lile. Watu wa ofisi ya vifurushi walinipigia mpaka nikachoka kusikia mlio wa simu, nikajikaza nikaenda. Karani akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia mwenyewe alikuwa anakuja kulichukua, gari likamkuta njiani. Akainamisha kichwa, akanisukumia karatasi nitie saini badala ya mdogo wako.

Sasa liko juu ya meza yangu ya kukatia. Nimechungulia ndani: bodi nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani, imejaa vijia kama mji unaoonekana kutoka juu. Kumbe hii ndiyo mazabodi ya kompyuta mliyoigombania kwenye simu miezi na miezi, yeye anataka hii, wewe unataka ile ya bei ya chini, mpaka ukasalimu amri ukamnunulia. Mwanangu, mimi siiuzi. Kitambaa kikishakatwa kinashonwa. Niambie vilivyobaki ni vipi, nivitafute, niiunge mwenyewe. Usicheke. Mtu aliyewashonea makoti maharusi wa mtaa mzima hawezi kushindwa na bodi.

Nataka nisikie chumba chake kikinguruma tena alasiri, kama kabla ile kompyuta yake ya zamani haijafa. Basi, sina lingine.

Wateja wamejaa kibarazani, na kama kawaida yangu nimewaambia njooni kesho.

Mama yako

* * *

19 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima wa afya, kazi ya ghalani inaendelea, mgongo unalalamika kidogo. Nakula, usijali. Barua yako nimeisoma nikacheka, samahani. Kisha nikalia. Kisha nikatafuta kalamu.

Sikiliza basi. Asiyejua huanza na kadi ya picha, kwa sababu ndiyo inayosifiwa na wauzaji. Wewe anza na bodi, maana vingine vyote vinaifuata hiyo. Soketi yake, kile kitundu cha kukalia prosesa, ni ya aina moja, kwa hiyo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iwe ya ukoo huo huo. Muuzaji akikuambia "zote zinaingia mama," toka dukani. Memori chukua za kizazi kipya, za zamani hazikai kabisa. Bodi yenyewe ni pana kuliko za kawaida, kwa hiyo pima kasha kabla hujalipa. Na kisanduku cha umeme usikibanie, umeme mbovu utaua vyote kwa siku moja. Majina yote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, mpe muuzaji asome.

Mdogo wangu aliipenda hii kwa sababu inabeba umeme mwingi bila kuchemka, na ina nafasi za kuongeza vitu baadaye. "Kaka, hii tutakaa nayo mpaka tuzeeke," aliniambia. Nimekaa nayo moyoni hiyo.

Kabla hujaigusa shika chuma kwanza. Mwilini mwetu mna umeme mdogo tusiouona, na unaweza kuua bodi bila hata cheche. Prosesa inalazwa, haisukumwi: kuna alama ya pembetatu konani, alama ikutane na alama.

Ukishamaliza, ingia kwenye ule mchezo wetu. Fundi wa duka atakuonyesha. Nenosiri ni jina la yule paka wetu aliyepotea. Utamwona mtu amesimama kwenye lango la mji, jina lake Sindano. Ndiye yeye. Mimi ni Uzi, si sisi ni watoto wa cherehani? Tangu aondoke sijaingia tena. Uzi bila sindano uende wapi?

Halafu Mama, mimi si mteja. Usiniambie njoo kesho, nijibu mapema.

Mwanao mkubwa

* * *

11 Aprili

Mwanangu mkubwa,

Marahaba, na salamu zako nimezipokea. Mgongo ukandwe na maji ya moto, usiuchekee. Mimi sijambo.

Imewaka! Ngoja nikupe yote. Dukani muuzaji alinitolea kasha la kwanza, nikaivua futi yangu shingoni nikalipima ndani, upana na urefu. Akanitazama, "Mama, unashona kompyuta?" Nikamwambia hili litambana kwapani, lete jingine. Duka zima likaangua kicheko, lakini la pili ndilo lililofaa.

Kumbe ni koti tu. Bodi ndiyo bega. Bega likikaa, kola na mikono vinakuja vyenyewe. Chuma nilichoshika ni cherehani yangu, kila mara kabla ya kugusa kitu, na mguu wake wa chuma ulikuwa baridi ukaniambia haya, endelea. Prosesa niliilaza kama mtoto aliyesinzia. Nilipowasha mara ya kwanza kimya, taa ndogo nyekundu tu karibu na memori. Nikasema eti nishindwe leo? Nikazibonyeza tena mpaka zikalia "ta!" Nikawasha. Feni zikaanza taratibu, chumba kikanguruma, nikakaa kitandani kwake nikalia kwa sauti. Bora masikio yangu hayakusikia jirani alisema nini.

Sindano nimemwona langoni. Amesimama tu, anapumua. Mlimfanya apumue, hamkuniambia.

Sasa kuna jambo. Skrubu moja ya bodi sijaitia, ile ya kona ya juu karibu na feni ya nyuma. Nimeiacha makusudi. Yule bibi aliyenifunza ushonaji alitupa mwiko mmoja. Mteja akifa kabla ya kuja kuchukua nguo yake, nguo inamaliziwa, maana kuiacha nusu ni dharau. Lakini kifungo cha mwisho hakishonwi. Ikikamilika, mwenyewe ataijia. Na akija atataka kuijaribu, na nani atamshika pindo na kumbana pini kama si fundi? Lazima fundi aende naye.

Bibi huyo huyo siku moja alijisahau. Ilikuwa suti ya marehemu mmoja aliyempenda, nadhani hilo ndilo lililompofusha. Akashona kifungo cha mwisho. Tulifika kazini tukamkuta kitini, futi shingoni, pini mdomoni, amekufa huku ametazama juu kidogo, vile fundi anavyomtazama mtu anayevaa. Suti hatukuiona tena.

Bodi hii mwenyewe alifia njiani akiifuata. Kwa hiyo ile skrubu iko kwenye kisahani changu cha vifungo, na humo itakaa.

Mama yako

* * *

28 Aprili

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na mgongo umesikia amri yako. Hongera! Nimeipitisha barua yako kwa wenzangu ghalani, wote wanakuita Fundi Mkuu.

Lakini jamani, skrubu na kifungo wapi na wapi? Kadi ya picha ile ni nzito, inaivuta bodi kila siku. Kona isipokazwa itapinda taratibu, na siku itakapokufa hatutapata nyingine kama hiyo. Bibi wa watu alikuwa mzee, moyo ulimsimama akiwa kazini. Wazee wanakufa, Mama.

Haya, sibishani na wewe, najua nani atashinda. Ila yule fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma nimemwomba apite siku moja akague waya na kupuliza vumbi. Mpe chai.

Mwanao mkubwa

* * *

20 Mei

Shikamoo Mama,

U mzima? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote, ngoja nikuambie.

Jana nilifungua mchezo, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaona jina la Sindano limewaka kijani. Roho iliniruka. Halafu nikakumbuka, mjinga mimi, ni Mama huyo! Ulikuwa langoni, pale pale tulipokuwa tukingojana. Nikakuandikia Shikamoo, hukujibu, nikasema bado anatafuta herufi. Lakini ukanifuata kila nilikokwenda. Na tulipofika mtoni, Mama, uliruka kama yeye! Unarudi nyuma hatua kidogo, unasita, ndipo unaruka. Nani amekufundisha? Nilikuwa namcheka kwa mtindo ule, jana nimeutazama machozi yakinitoka. Asante. Hujui umenifanyia nini.

Sasa nikuambie na la kukuudhi ukiwa bado una furaha. Fundi alipokuja alikaza na ile skrubu yako. Mimi ndiye niliyemwambia iko kwenye kisahani cha vifungo. Usinune. Bodi sasa imekaa imara, na wewe hujambo, si unaona?

Barua hii ikikufika, tukutane langoni tena.

Mwanao mkubwa

* * *

4 Juni

Mwanangu mkubwa,

Salamu. Natumaini hujambo. Mimi sijui niseme sijambo au nisemeje.

Shikamoo yako haikujibiwa kwa sababu sikuwa mimi.

Kile kitu mimi najua kukiwasha na kukizima. Na siku hizi hata kukiwasha sikiwashi. Alasiri, wakati ule aliokuwa akirudi kazini, nikiwa kwenye cherehani nasikia feni zinaanza. Masikio haya yasiyosikia mteja akipiga hodi yanasikia feni kutoka chumba cha pili! Nilidhani ni wewe, maana mliwahi kuniambia mtu aliye mbali anaweza kuwasha kompyuta. Nikawa nafurahi, nasema mwanangu ananisalimia.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwenye kisahani. Nilimwaga vifungo vyote mezani. Haimo. Ulinizunguka, mwanangu, tena kwa chai yangu. Nilikasirika, nikachukua bisibisi. Nikaenda chumbani niitoe siku ile ile.

Kiti nilikikuta kimegeukia mlango, vile alivyokuwa akikiacha akitaka nimletee chakula pale pale alipo. Nikakaa. Sindano alikuwa amesimama, lakini si kutazama mji kama zamani. Alikuwa amenigeukia mimi. Sikugusa kibodi, naapa. Maneno yakatokea chini ya skrini, herufi moja moja: *Mama, imekaa vizuri. Njoo unipime.*

Sitakuficha. Sikuogopa. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikasahau hasira, nikasahau na bisibisi niliyokuwa nimeshika.

Tangu hapo nikijilaza mchana naamka na futi shingoni, na kabla ya kujilaza huwa naitundika ukutani. Jana niliamka na pini mdomoni. Na kuna mkoba nimeupanga, umo mkasi, chaki na uzi mweusi. Sikumbuki nilipoupanga. Uko mlangoni kwake.

Usinijibu kwa ukali. Ni mtoto wangu, na anaita.

Mama yako

* * *

12 Juni

Mama,

Salamu zitangoja. Barua hii nimeilipia iende kwa haraka, na jirani nimempigia aje akae na wewe mchana. Usimfukuze.

Nilisoma maneno yako nikasema Mama amechoka, ni upweke. Nikaingia mchezoni nimkamate huyo anayetuchezea. Nikamwandikia, wewe nani? Akajibu, Kaka acha utani. Nikamuuliza kovu la goti langu nililipataje. Hilo hata wewe hulijui, tulikudanganya nilianguka shuleni. Akanieleza yote, ukuta, chupa, na nani alilia zaidi. Halafu akacheka kwa herufi zile zile alizokuwa akichekea. Nikachomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni jikoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Itoe ile skrubu. Itoe leo. Futi iache kwa jirani, mkoba umpe jirani.

Najua anaita. Na mimi naita, Mama. Mimi pia ni mwanao, tena mimi ndiye ninayesikia baridi na njaa. Yeye amepata wa kumpima, na mimi nikikukosa nimpate nani? Nani ataniuliza kama nadanganya tumbo kwa chai?

Likizo nimeshaiomba. Nakuja mwisho wa mwezi ujao. Nikukute.

Mwanao, mkubwa

* * *

21 Juni

Mwanangu mkubwa,

Marahaba, ingawa hukunisalimia. Mimi ni mzima. Soma tena hapo: ni mzima.

Ulipoandika habari ya chai nilicheka, kisha nikaona mkoba ule mlangoni kama ndio kwanza nauona. Nikampa jirani aende nao kwake. Nikashika chuma cha cherehani, nikachukua bisibisi, nikaingia.

Alikuwa ananisubiri. *Mama, umechelewa. Tayari?*

Nikalifungua kasha huku linanguruma. Ile skrubu ilikuwa ya moto, moto wa paji la uso la mtoto mwenye homa, na niliwahi kulishika lile paji usiku mzima, kwa hiyo naujua. Mwanangu, sikuweza kumwambia amekufa. Mama gani atamwambia mwanawe hivyo? Na kumwambia asije, ulimi ulikataa. Nikawa natafuta neno, na mdomo wangu wa fundi ukanitolea lile lile nililowaambia watu maisha yangu yote, la uongo na la kujitetea: "Bado, mwanangu. Kuna mahali sijamaliza. Njoo kesho."

Huku naizungusha. Ikatoka, ikaangukia kiganjani.

Kisha: *Mama nawe, kila siku kesho.* Na baada ya muda: *Haya.* Feni zikapunguza, zikanyamaza. Nililala mchana ule bila kuamka na kitu shingoni.

Siku ya pili, alasiri, feni zikaanza. Akauliza, tayari? Nikamwambia bado, njoo kesho. Akaondoka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Anakuja kila siku, mwanangu, na kila siku namrudisha. Alikuwa mtiifu tangu utotoni, ukimwambia subiri anasubiri. Nakaa naye kidogo, namtazama anavyopumua, kisha namwambia kesho. Usiniombe niizime. Hilo siliwezi.

Skrubu nakuletea humu ndani ya bahasha, nimeishonea kwenye kitambaa ili isipotee. Ikae kwako. Kuna siku nitachoka kumrudisha, na mimi najijua, mkono wa mama ni mwepesi. Ukija usije nayo. Na nikikuomba, hata kwa machozi, usinipe.

Kula.

Mama yako

* * *

6 Julai

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na jirani hajakuchosha kwa maneno. Mimi ni mzima. Nimekula, chakula cha moto, si chai. Tiketi ninayo mfukoni.

Skrubu imefika. Ndogo hivi! Nimekaa kitako nikaitazama, sikuifumua kwenye kitambaa. Nimeiweka droo ya chini, na nikisafiri nitamwachia mtu ambaye sitakuambia ni nani.

Jana sikuwasha kompyuta yangu. Tangu siku ile waya nimeuacha umechomolewa, umelala sakafuni. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia feni.

Alikuwa langoni. Akaandika: *Kaka, Mama anasema imebaki kidogo tu. Kilichobaki unacho wewe.*

Sikuulizi kama kweli ulimwambia, Mama. Usinijibu hilo.

Nikasimama na mikono yenye povu. Akaandika tena: *Unaileta lini?* Ni yeye, Mama. Ni yeye mwenyewe, na nimemkosa mpaka mifupa inauma. Nilikuwa nimeshaifungua droo kabla sijajua nimefanya nini. Kitambaa chako kilikuwa cha moto mkononi. Nikakirudisha, nikafunga, nikaweka mgongo wangu pale kwenye droo, nikanyoosha mkono mmoja tu kwenye kibodi. Mimi niliyekucheka nikamwandikia, *Kesho, mdogo wangu. Njoo kesho.*

*Haya,* akasema. *Wewe na Mama mko sawa.* Akarudi nyuma hatua kidogo, akasita, akaruka mto, akapotea upande wa pili. Nililia, na sijui kama nililia kwa sababu ameondoka au kwa sababu atarudi.

Nakuja mwisho wa mwezi kama nilivyosema. Nisubiri wewe, mimi usiniambie kesho.

Naishia hapa, Mama. Feni zimeanza, ngoja nikamjibu.

Mwanao mkubwa